Moshi wa Nyumba ya Point

Siku ambayo mama mkwe wangu aligundua shimo la moto kwenye ukuta wa chumba chetu, mwanangu, ninaikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza juma lile. Nimelala kitandani, nimefunikwa mpaka kidevuni, na yeye amepiga magoti mbele ya ukuta, kichwa amekiingiza ndani kama mtu anayemtafuta paka.

"Iko shimini humu," akasema, sauti inatokea ndani ya ukuta. "Na hamkuniambia."

Hatukumwambia kwa sababu hata sisi hatukujua. Tulipopanga kile chumba pale Point, karibu na bandari ya Durban, tulikuta pengo kubwa ukutani lenye vigae vya maua pembeni. Mume wangu akasema ni kabati la wazungu. Mimi nikapanga masufuria humo. Sasa mama mkwe ameyatoa masufuria yote sakafuni, anapangusa vumbi la watu waliokufa zamani, anacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu ateremke kwenye basi.

Ngoja nikueleze kwa nini alifurahi, maana wewe, mjukuu wangu, umezaliwa huku na mambo haya huyajui. Kwetu Bukavu mzazi hukaa kwenye joto. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa moto, na chumbani moto uwepo. Mama mkwe alikuja safari yote ile, basi baada ya basi, kuja kunikalisha kwenye joto, akakuta ni majira ya baridi, upepo wa bahari unapita chini ya mlango, na moto hakuna. Jiko la makaa, sisi tunaliita mbabula, alikuwa nalo. Lakini makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua, na hilo hakuna mtu wa Bukavu asiyelijua. Kwa hiyo mbabula ilikaa nje kwenye korido na mimi nilikaa ndani na baridi yangu, na yeye alikaa katikati akinung'unika.

Halafu akaiona shimini, meko ya ukutani yenye bomba la kupandisha moshi mpaka paani. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja kule kwetu, kwenye zile nyumba walizojijengea kando ya ziwa. Kule jioni ni baridi kweli, na kila nyumba ya mzungu ilikuwa na shimini sebuleni. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa akizoa majivu yake asubuhi na kupanga kuni zake jioni. Kwa hiyo alizijua shimini kama mimi ninavyojua kusonga ugali.

"Nyumba za wazungu usinifundishe," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amesema neno. "Wazungu ni wabaya kwa mengi, lakini moto wanaujengea njia yake. Humu hata tukiwasha mchana kutwa, hewa mbaya inapanda juu, inakwenda zake."

Akasukuma mbabula ndani ya lile pengo. Makaa yakawaka vizuri, mekundu, bila moshi wa kuonekana. Joto likanifikia mpaka kwenye magoti. Nilisikia raha, sikudanganyi.

Lakini mimi tangu utoto nina ugonjwa wa kuuliza. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo maswali yangu hayakupata mwalimu wa kuyakata. Nikauliza, "Mama, hii hewa mbaya inakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu wapi? Si juu yetu iko Mama Divine?"

Akageuka akanitazama. "Wewe ni mzazi au ni polisi? Mzazi hapigi kelele, maziwa yatakauka. Nyamaza ulale."

Nikanyamaza. Kumbuka hapo, mwanangu. Tutaparudia.

Basi nikawa nalala na kuitazama nyumba, kwa sababu kutoka sikuruhusiwa na redio ilikuwa imeharibika. Ukiitazama nyumba ya zamani mchana kutwa inaanza kukusumbua. Dari ilikuwa juu sana, watu wawili wakisimama mmoja juu ya mwingine wasingeigusa. Nikajiuliza, walikuwa warefu kiasi gani? Katikati ya dari kulikuwa na maua ya plasta, mazuri, na kwenye maua hakuna kitu. Mlangoni kulikuwa na kidude cha shaba cha kubonyeza, waya wake umekatwa, na nikajiuliza kilikuwa kinamwita nani. Kulikuwa na ngazi mbili, ya mbele ya mbao, pana, na ya nyuma ya chuma, nyembamba hata ukibeba ndoo unagonga magoti. Nyumba ni moja, kwa nini ngazi mbili? Na zaidi ya yote ile shimini. Wewe unaujua mji huu. Desemba mtu unatoka jasho ukiwa umekaa. Nani alijenga mahali pa moto ndani ya chumba, Durban?

Sikuwa na wa kumuuliza. Mume wangu alikuwa akipakia malori Clairwood, anarudi amechoka, nikimuuliza kwa nini dari iko juu anasema, "Kodi ni ileile, dari iwe juu iwe chini."

Mama Divine niliyemtaja alikuwa Mrundi, msusi, anaishi chumba cha juu yetu na binti yake mdogo, Divine. Mtoto yule alikuwa na miguu kama mbuzi. Kabla mama mkwe hajaja, nilikuwa nikimsikia juu ya dari anaruka tangu atoke shule mpaka alale. Mama yake alikuwa akiteremka kunisalimia, na yeye na mama mkwe walizoea kutaniana.

"Ninyi Wakongo mnapika nini huko chini?" anasema mlangoni. "Kila siku nyumba inanukia sherehe."

"Tunapika uji wa mzazi. Ninyi Warundi mkinusa uji mnaona sherehe."

Lakini siku moja alikuja bila utani. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema Divine anaumwa na hajui nini. Kichwa kinamuuma, anatapika, analala tu. Kliniki wamempa vidonge. Na jambo la ajabu, akimpeleka saluni mjini mtoto anachangamka, anacheza na kamba za nywele, anakula. Akimrudisha nyumbani, analala tena.

"Iko mtu anaitazama nyumba yangu kwa jicho baya," akasema. "Mama, wewe ni mtu wa maombi. Niombee."

Mama mkwe akafunga macho akaomba, na aliomba kweli, mpaka akatoka machozi. Nyuma yake, ndani ya ukuta, mbabula inawaka. Na mimi kitandani nikamtazama Mama Divine, nikatazama ule moto, na kitu kikanigusa moyoni. Lakini nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.

Jumapili ikafika. Mama mkwe akaenda kanisani, na siku hiyo hakuwasha moto kwa sababu hakutaka kuuacha na mimi. Mchana nikasikia juu ya dari, tu, tu, tu. Divine anaruka. Mtoto amepona, nikasema, maombi yamesikika. Jumatatu mbabula ikawashwa tangu asubuhi, kwa sababu ya upepo. Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa, mtoto yupo juu, na mimi ninasikiliza. Kimya. Mchana, kimya. Nikamsikia mama yake akipita kwenye ngazi ya nyuma na beseni la nguo, anapanda paani kuanika. Mtoto, kimya.

Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda kununua unga. Mimi nikashuka kitandani.

Mzazi wa siku chache hapandi ngazi, najua. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikavaa soksi za mume wangu, nikashika ile ngazi ya chuma. Ngazi ya mbele ilikuwa inaishia kwenye vyumba. Ya nyuma ndiyo peke yake iliyofika paani. Nilipanda kama bibi kizee, nikipumzika kila kona, sijui ninakwenda kutafuta nini. Nilitaka tu kuona juu ya shimini kuna nini.

Paa lilikuwa tambarare. Upande mmoja kulikuwa na vijumba vidogo, milango yake ya bati, ambamo hakuna mtu. Mama Divine alikuwa kwenye kamba, amebana kibanio cha nguo kwa meno. Kwenye tangi la maji kulikuwa na mlinzi wa nyumba, Mzulu mtu mzima, anafunga bomba kwa mpira. Wote wawili wakaniona.

"Mzazi," Mama Divine akasema, kibanio kikadondoka. "Mama mkwe wako atakuua."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeiona ile shimini, tofali nyekundu, imesimama katikati ya nguo zilizoanikwa. Nikaishika. Nilitazamia kukuta joto. Ilikuwa baridi kama kaburi. Nikasimama juu ya ndoo, nikachungulia kinywa chake cha juu. Ilikuwa imezibwa kwa saruji, sawasawa, ikasuguliwa mpaka ikang'aa.

Nikamuuliza mlinzi. Kizulu changu kilikuwa cha sokoni na Kiingereza chake cha bandarini, tukakutana katikati.

"Baba, hii imefungwa lini?"

"Hawu, mama, nimeikuta hivi. Walifunga mvua isiingie. Nani ana haja nayo?" Akacheka. "Walitoka nchi ya baridi na michoro ya nyumba za kwao mkononi. Wakafika hapa wakaijenga nyumba ya kwao kama ilivyo, na moto wake. Mama yangu alikuwa mtumishi humu, alilala kwenye hicho chumba cha bati. Alikuwa akiwasha moto siku chache tu za baridi, wazungu wakae wautazame. Kuutazama tu, mama. Sasa hakuna anayewasha."

"Sisi tunawasha," nikasema.

Kicheko chake kikaisha.

Nikamgeukia Mama Divine. "Shimini ya chumba chako iko wapi?"

"Sina shimini. Iko ukuta tu. Nyuma ya kitanda cha Divine iko ubao umebandikwa karatasi ya maua..."

Hakumaliza. Sikuwahi kumwona mtu akishuka ngazi ile namna ile, na mlinzi nyuma yake. Mimi nilifuata pole pole, nikishika chuma kwa mikono miwili, mtoto mgongoni. Nilipofika kwenye mlango walikuwa wanamtoa Divine. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye bega la mlinzi, mashavu mekundu kama aliyetoka kuoga, na mama yake anamwita jina lake na lile la ubatizo na yote aliyowahi kumwita, na mtoto haitiki.

Wakampandisha paani, kwenye upepo. Upepo uleule niliokuwa nikiulalamikia. Tukamlaza juu ya shuka mbichi zilizoanguka kwenye kamba. Sijui tulikaa muda gani. Mlinzi alimpepea kwa kofia. Halafu mtoto akakohoa, akatapika, akafungua macho, akamtazama mlinzi akaanza kulia kwa sababu hakumjua. Mwanangu, kile kilio kilikuwa kitamu kuliko kwaya yoyote.

Wakampeleka hospitali kwa taksi. Alipona kabisa, nakwambia mapema usije ukasikiliza kwa wasiwasi.

Mimi niliteremka chumbani nikamkuta mama mkwe amerudi, unga mkononi, anakitazama kitanda kitupu. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu kwa mara moja, saruji iliyoziba juu, ubao unaovujisha hewa mbaya, mtoto aliyelala mbele yake. Alichukua maji yaliyokuwa yamewekwa ya kunikanda mimi, akayamwaga yote juu ya makaa. Chumba kikajaa mvuke. Kisha akaketi sakafuni kando ya masufuria yangu.

Mama Divine aliporudi jioni, alisimama mlangoni kwetu, mtoto mgongoni. "Mlitaka kuniulia mtoto," akasema. Hakupaza sauti. "Na mlikuwa mnaniombea."

Mama mkwe alikuwa mtu ambaye hata padri alimwogopa. Alipiga magoti pale pale kizingitini. "Moto niliuwasha mimi," akasema. "Huyu mzazi hana neno. Mume wake hana neno. Niliijua nyumba nyingine, nikadhani nimeijua hii. Ukitaka kunipiga, nipige." Mama Divine hakumpiga. Alikaa kwenye ile ndoo yake, akalia, na mama mkwe akampikia uji, na ilikuwa muda mrefu kabla hawajataniana tena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokwenda.

Walipoondoka, mama mkwe alinisogezea bakuli. Nilikuwa ninangoja anishukuru, nisikufiche. Mimi si ndiye niliyepanda ngazi?

"Siku ile ulipouliza hewa inakwenda wapi," akasema, "nilikujibu nini?"

"Uliniambia ninyamaze."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikanyamaza, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Heshima." Alilitamka kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. "Heshima ni kunipokea mzigo nikitoka safari. Heshima ni kuninawisha kabla sijala. Lakini umeuona moto, hujui hewa yake inatokea wapi, unamsikia mtoto wa watu hachezi tena, na bado unanyamaza kwa ajili yangu? Hapo hukuniheshimu. Uliniacha niendelee kuua. Kosa la moto ni langu, nitakwenda nalo mbele ya Mungu. Lakini hili la kuuliza mara moja na kunyamaza ni lako, na nakukataza usilirudie. Nikikunyamazisha, uliza tena. Nikikasirika, uliza nikiwa nimekasirika. Kula uji."

Nikala uji. Ulikuwa wa baridi, na hakuna aliyeupasha moto.

Amelala siku nyingi sasa, kaburi lake liko kwetu, na mimi ndiye niliyefikia umri wake. Ugonjwa wangu wa kuuliza haukupona, tena ulizidi. Tulipohamia upande wa Clairwood, ili mume wangu awe karibu na kazi, nilikuta malori yanapita dirishani na hewa ina ladha ya chuma, na baba yako mdogo akawa anakohoa kila asubuhi. Nikasimama barabarani nikatazama mabomba ya viwanda yale, nikauliza swali langu lilelile. Moshi unakwenda wapi? Niliwauliza majirani, wazee wa Kihindi na wazee wa hapa. Wakaniambia wengine walikuwepo kabla ya viwanda, na viwanda vikaletwa mpaka mlangoni. Wengine waliletwa na sheria za wazungu, kila rangi na mtaa wake. Waliokuwa wakiugawa mji walikaa juu kule kwenye kilima, penye upepo.

Nikaelewa kwamba mji nao ni nyumba kama ile yetu. Kuna walioketi mbele ya moto kuutazama, na kuna waliolaza mtoto kando ya ubao unaovuja. Sisemi ubomoe. Mimi nazipenda zile nyumba, nikipita mjini bado nainua shingo kuyatazama maua yao ya plasta mpaka watoto wanaona haya. Waliozijenga wamekwenda. Lakini njia walizokatia moshi bado zipo, na nyingine zimezibwa na hakuna aliyetuambia.

Ndiyo maana nimekuita leo. Nimesikia wewe na wenzako mmepanga ghorofa nzima mjini, mnaigawa kwa mbao vyumba vingi, na vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya kuta mnavifunga kwa gundi ili mende wasipite. Na umeme ukikatika mna jenereta kwenye korido. Umeniambia, nyanya, fundi amesema iko sawa. Umeniambia pia mwenye nyumba amesema iko sawa. Mama mkwe wangu naye alisema iko sawa, na alikuwa mcha Mungu na mjuzi wa shimini.

Kwa hiyo kabla hujalala humo, panda mpaka juu. Mwenyewe, kwa miguu yako. Shika ukuta. Tafuta hewa inatokea wapi na nani amelala hapo inapotokea. Usiamini kwamba nyumba ina akili kwa sababu ilijengwa na watu wenye nguvu. Walijijengea wao, kwa baridi yao na watumishi wao, na hawakukufikiria wewe. Uliza. Wakikuambia nyamaza, uliza mara ya pili, hata kama anayekunyamazisha ni mimi.

Na vile vitundu ukavifungue leo. Mende hawajamuua mtu.

Divine ana saluni yake mjini siku hizi, amenenepa, ana mabinti wawili wanaoruka kama mbuzi. Akija kunisalimia anatazama kwanza juu ya ukuta, kama vitundu vya hewa viko wazi, ndipo anakaa.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye joto na moshi wake utoke juu mahali panapoonekana. Akupe watoto wa kukupigia kelele juu ya dari mpaka uchoke. Na usingizi atakaokupa wewe, ampe vilevile aliyelala juu yako. Amina.